Gesi ya Bahari Kuu na Mwananchi wa Newala

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Masasi na Newala)



Mtu asimamaye mahali paitwapo Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla, huliona chini yake bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huiona nchi ya Msumbiji. Watu wa kingo zote mbili ni jamaa. Wakati Wamsumbiji walipokuwa wakipigania uhuru wao, ni vijiji vya upande huu vilivyowapokea wakimbizi, na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO ilikuwa Nachingwea. Historia hiyo hufundishwa shuleni.

Lakini mto huo umefanya kazi nyingine ambayo haifundishwi sana. Kwa mamilioni ya miaka maji yake, pamoja na maji ya mito iliyoutangulia, yamechukua mchanga na matope kutoka bara na kuyamwaga baharini. Mchanga ule ulilundikana, ukafunikwa, ukashindiliwa mpaka ukawa mwamba. Na katika vitundu vya mwamba huo, chini ya sakafu ya bahari, ikajikusanya gesi asilia. Mkulima wa Kitangari au Lulindi hana pwani, wala hajapata kuona kisima cha gesi. Hata hivyo udongo wa bara lake ni sehemu ya ghala lililohifadhi mali hiyo. Yeye si mtu wa pembeni katika habari hii.

Swali linalostahili kuzungumzwa ni hili: ikiwa gesi iliyo chini ya bahari ya kina kirefu itachimbwa, itasafishwa na kuuzwa huko huko baharini, ndani ya meli ambayo ni kiwanda, mwananchi wa Masasi na Newala atapata nini, na atajuaje kwamba amepata?

KIWANDA KINACHOELEA

Tanzania si ngeni katika gesi. Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) liliundwa mwaka 1969. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Songo Songo ilianza kutoa gesi mwaka 2004, na Mnazi Bay ikaanza kuendesha mitambo ya umeme mjini Mtwara miaka michache baadaye. Visima hivyo viko nchi kavu au karibu na pwani. Kuanzia mwaka 2010 yakaja mambo mapya: gesi nyingi ikapatikana katika bahari ya kina kirefu, katika visima vilivyopewa majina kama Pweza, Chewa, Jodari na Mzia, na mwaka 2012 ikapatikana Zafarani, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya meta 2,500. Makadirio ya serikali yanasema gesi yote iliyogunduliwa nchini inafikia futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa sana ya hiyo iko katika bahari kuu.

Gesi iliyo mbali kiasi hicho haiwezi kupelekwa Ulaya au Asia kwa bomba. Inabidi ipoozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri katika kipimo cha Sentigredi. Ikifikia baridi hiyo hugeuka kuwa kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600, kisha hupakiwa katika meli za matangi. Kiwanda cha kuipooza chaweza kujengwa mahali pa namna mbili. Namna ya kwanza ni nchi kavu, kwa kuivuta gesi hadi pwani kwa mabomba yanayolala juu ya sakafu ya bahari. Namna ya pili ni kukijenga kiwanda chenyewe juu ya chombo kinachoelea, kikapelekwa pale pale juu ya visima na kutiwa nanga.

Mfano wa namna ya pili hauko mbali na Newala. Uko kusini tu ya mpaka, mbele ya Jimbo la Cabo Delgado. Chombo hicho huitwa Coral Sul. Kiliundwa katika karakana za meli za Korea Kusini, kikaondoka huko Novemba 2021, kikawasili Msumbiji Januari 2022, na shehena ya kwanza ya gesi ikaondoka Novemba 2022. Urefu wake ni meta 432, yaani zaidi ya viwanja vinne vya mpira vilivyowekwa mfululizo, na upana wake ni meta 66. Kinashikiliwa na minyororo na kamba za nanga mahali penye maji ya kina cha meta 2,000. Gesi hupanda kutoka visima sita vilivyo chini ya bahari, huondolewa maji na uchafu, hupoozwa, huwekwa katika matangi yaliyo ndani ya chombo hicho hicho, na meli ya mnunuzi huja ubavuni kupakia. Uwezo wake ni tani milioni 3.4 kwa mwaka. Gesi yote ya chombo hicho ilikwisha kuahidiwa kampuni moja ya Uingereza, BP, kwa mkataba wa miaka mingi, kabla hata chombo hakijaundwa.

FAIDA NA HASARA ZA MELI

Hapana budi kuwa waadilifu katika kuipima meli ya namna hii, kwa maana zipo sababu za haki zinazowafanya wataalamu waipende. Haihitaji mamia ya hekta za ardhi, wala haihamishi kijiji. Kwa kiwanda cha nchi kavu kilichokusudiwa Likong'o, Lindi, zilitengwa zaidi ya hekta 2,000, na wananchi walianza kulipwa fidia mwaka 2020 baada ya kungoja kwa miaka. Aidha, meli huundwa katika karakana yenye mafundi wazoefu, kwa hiyo hukamilika kwa muda unaotabirika zaidi. Uamuzi wa kuunda Coral Sul ulifanywa mwaka 2017, na miaka mitano baadaye gesi ikauzwa. Tanzania iliigundua Zafarani mwaka ule ule wa 2012 ambapo gesi ya Coral iligunduliwa. Lakini makubaliano ya awali baina ya serikali na kampuni za Equinor na Shell kuhusu kiwanda cha Lindi yalitiwa saini Juni 2022, yaani wakati Coral Sul ilikwisha kutia nanga. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utamkuta mwana si wako.

Iko faida nyingine, na hiyo ina uchungu ndani yake. Machi 2021 mji wa Palma, ulio kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, ulishambuliwa na watu wenye silaha. Kiwanda cha nchi kavu kilichokuwa kikijengwa karibu na hapo kilisimamishwa, na mwezi uliofuata kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikiongoza kazi hiyo ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Meli haikusimama. Ilifika, ikatia nanga, ikaanza kupakia. Kwa mwenye fedha huo ni ushindi. Lakini ilianza kupakia wakati mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo walikuwa bado wakimbizi ndani ya nchi yao. Wanavijiji wa Kitaya, kando ya Ruvuma katika Mkoa wa Mtwara, walioshambuliwa Oktoba 2020, wanajua kwamba vita ya ng'ambo haikomei ng'ambo. Kiwanda kinachoweza kufanya kazi salama hali jirani zake wanakimbia, ni kiwanda kisichowahitaji jirani hao. Jambo hilo lafaa kutazamwa kwa macho mawili: ni nguvu ya meli, na ndilo kasoro yake.

Kwani meli haiwahitaji watu wengi. Vyumba vya Coral Sul vinaweza kulaza watu 350. Hao ni pungufu ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya kawaida, na kazi zao ni za ufundi wa hali ya juu. Hakuna mama lishe atakayeuza chakula langoni, wala fundi seremala, wala mwenye gari la kukodisha. Saruji ya Mtwara haitajenga ukuta wake. Na gesi ikiisha, nanga hung'olewa, chombo kikaenda pengine.

Wala meli haina kinga ya kuharibika. Prelude, meli ya Shell iliyo katika bahari ya Australia, yenye urefu wa meta 488, ilikatikiwa na umeme Desemba 2021, na ilichukua miezi kabla ya kuanza tena kupakia. Ghana nayo ina funzo lake. Mwaka 2010 ilianza kutoa mafuta kwa meli iliyopewa jina la Kwame Nkrumah. Mafuta yaliuzwa, lakini gesi iliyotoka pamoja nayo haikufika nchi kavu kwa miaka kadhaa, nayo Ghana ilikuwa na njaa ya umeme, mpaka kiwanda cha Atuabo kilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2014. Funzo ni kwamba bomba la kuwaletea wenyeji gesi lisipoandikwa katika mpango tangu siku ya kwanza, haliji lenyewe.

KUMBUKUMBU YA KUSINI

Wapo watakaosema kwamba, kwa hali hiyo, jawabu ni rahisi: kiwanda kijengwe nchi kavu, kionekane, na wananchi watafaidika. Watu wa Masasi na Newala wana haki ya kulipokea jawabu hilo kwa uangalifu, kwa kuwa wamekwisha kuona viwanda nchi kavu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Bandari ya Mtwara ilichimbwa kwa ajili hiyo, na reli ikajengwa kwenda bara. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Reli ilifikishwa hadi Masasi mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Leo mwanafunzi wa Masasi huoneshwa tuta tu.

Kisha ikaja habari ya korosho, na hiyo ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Korosho zilikuwa zikipelekwa India zikiwa na maganda yake, na thamani ikabaki huko. Ikaamuliwa, na uamuzi ulikuwa na mantiki, kwamba zibanguliwe hapa hapa. Vilijengwa viwanda 12 vikubwa vya mashine, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi za nje, vikiwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Masasi ilipata, Newala ikapata. Lakini wakati viwanda vikijengwa, mavuno yalikuwa yakishuka. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei haikuwavutia, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Viwanda vingi vikafungwa. Kutu iliingia katika mashine, ila deni lake halikuingia kutu. Lilitakiwa kulipwa kwa fedha za kigeni.

Hapa ndipo mtu anapoona kwamba kukiona kiwanda kwa macho si sawa na kufaidika nacho. Viwanda vya korosho vilikuwa mlangoni mwa mkulima, na bado vilikufa, kwa sababu hesabu iliyovijenga haikuwa hesabu ya shamba lenyewe. Kiwanda cha gesi cha nchi kavu chaweza kufa vivyo hivyo, au kisijengwe kabisa. Januari 2021 Equinor yenyewe ilipunguza katika vitabu vyake thamani ya mradi wake wa Tanzania kwa dola milioni 982, kwa kuwa iliona mradi hauhimili gharama kwa hali ilivyokuwa wakati ule.

Kumbukumbu ya tatu ni ya karibuni, nayo ni nzito. Ilipojulikana kwamba gesi ya Mtwara ingepelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wananchi wengi wa kusini waliona kwamba wameachwa tena. Januari 2013 fujo zilitokea Mtwara, na mjini Masasi pia, ambako yalikuwapo manung'uniko mengine ya mahali. Mei mwaka huo fujo zikazuka tena Mtwara, siku makadirio ya wizara inayohusika na nishati yaliposomwa Bungeni. Watu walikufa, na mali za wananchi na za umma zikateketea. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Lakini ifahamike kwamba wengi wa waliokasirika hawakuwa wakiikataa Tanzania wala umeme wa Dar es Salaam. Walikuwa wakiuliza swali ambalo walimu na watumishi wa mahali hapo hawakuwa na karatasi ya kulijibia: gesi hii ni kiasi gani, inauzwa kwa bei gani, na fungu la hapa ni lipi?

MALI BILA DAFTARI

Ikiwa hivyo ndivyo, basi tofauti ya meli na kiwanda cha nchi kavu, kwa mtu wa Newala, ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ajira za moja kwa moja zitakuwa chache kwa vyovyote, hasa ujenzi ukishakwisha. Lililo kubwa litamfikia kwa njia ya karatasi: mrabaha, kodi, fungu la serikali katika gesi inayozalishwa, na gesi ya matumizi ya nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali iliyo chini ya meta 2,000 za maji, isiyoonekana hata kwa mvuvi wa Msimbati, huhitaji daftari maradufu.

Yako mambo manne ambayo mtumishi wa umma na mwalimu wanapaswa kuyafahamu vizuri.

Kwanza ni kipimo. Pale Madimba, ambako gesi ya Mnazi Bay husafishwa, mita iko nchi kavu, na mkaguzi aweza kuifikia kwa gari. Mita iliyo ndani ya meli hufikiwa kwa helikopta au mashua, na mara nyingi kwa msaada wa kampuni ile ile inayokaguliwa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli, na kazi hii ni yake. Mamlaka yaweza kuifanya ikiwa tu ina vijana wanaozijua fizikia na hesabu za vipimo kuliko mgeni anayetazamia wasijue.

Pili ni mrabaha. Mkataba wa mfano wa mwaka 2013 uliweka mrabaha wa asilimia 12.5 kwa gesi ya nchi kavu na ya maji mafupi, na asilimia 7.5 kwa gesi ya bahari kuu. Sababu ya tofauti hiyo ni gharama za kuchimba katika kina kirefu. Sababu ina uzito. Lakini mwananchi lazima aambiwe mapema kwamba kadiri gesi inavyokuwa mbali, ndivyo fungu la kwanza linavyokuwa dogo, na fungu kubwa huchelewa mpaka mwekezaji arudishe gharama zake. Ahadi ya utajiri wa haraka kutoka bahari kuu si ahadi ya kweli, na mwenye kuitoa huwapandia watoto wake mbegu ya ghadhabu.

Tatu ni ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi halmashauri za Kilwa na Mtwara zimepata ushuru huo kutokana na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, katika kiwango ambacho sheria iliweka kisizidi asilimia 0.3 ya mauzo. Je, meli iliyotia nanga kilomita 100 kutoka pwani iko katika halmashauri ipi? Haiko katika kata yoyote wala kijiji chochote. Swali hilo likijibiwa baada ya gesi kuanza kuuzwa, litazaa ugomvi baina ya wilaya na wilaya. Ni bora lijibiwe kabla, na Masasi na Newala, ambazo hazina pwani, zina sababu kubwa kuliko wengine ya kutaka jawabu lililoandikwa.

Nne ni gesi ya nyumbani. Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 inalitanguliza soko la ndani. Saruji ya kiwanda cha Mtwara imeonyesha kwamba gesi ya kusini yaweza kufanya kazi kusini, maana kiwanda hicho kiliunganishwa na gesi mwaka 2018. Uwanda wa Makonde hauna mito, na maji yake yanabidi yasukumwe juu kwa pampu kutoka mabondeni. Mama wa Newala anayengojea maji bombani anangojea nishati, hata kama hajui kuiita hivyo. Mkataba wowote wa bahari kuu unaostahili kusifiwa ni ule unaotaja gesi ya nyumbani kwa kiasi na kwa tarehe, usiishie kwenye neno "ikiwezekana".

WAJIBU

Msumbiji ilipitisha sheria ya mfuko wa akiba ya gesi Desemba 2023, mwaka mmoja baada ya meli yake kupakia shehena ya kwanza. Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi mwaka 2015, kabla hata ya kuchimba gesi ya bahari kuu. Katika jambo hilo Tanzania ilitangulia, nayo yastahili kusifiwa. Lakini sheria iliyo kabatini ni kama mbegu iliyo ghalani.

Kuitoa ghalani ni kazi ya watu wa aina mbili. Mtumishi wa umma apaswa kuzisoma hesabu zinazotangazwa na kuzibandika mahali mwananchi atakapoziona, kama vile bei ya korosho inavyotangazwa mnadani mkulima akiwapo na kuikubali au kuikataa. Mkulima wa Masasi anayeelewa makato ya stakabadhi ghalani, senti kwa senti, hawezi kuambiwa kwamba mambo ya gesi ni mazito mno kwake. Ni hesabu ile ile, yenye tarakimu nyingi zaidi.

Naye mwalimu, anapofundisha kwamba gesi ikipoozwa hugeuka kuwa maji maji, ana mfano hai ng'ambo ya upeo wa macho. Mhandisi atakayesimama mbele ya mita ya meli, na mwanasheria atakayeusoma mkataba kabla ya kutiwa saini, huenda leo wako darasani Chiungutwa au Mkunya. Ikiwa watafundishwa vema, meli itakapokuja, au kiwanda kitakapojengwa Likong'o, watakuwapo watu wa kusini upande wa ndani wa lango. Wasipofundishwa, watasimama tena Shimo la Mungu wakitazama mashariki, na mali ya mto wao itakuwa ikipita baharini bila wao kujua imepita kiasi gani.